Mazoezi ya Bibhuti Samaddar

Kwa miaka thelathini na moja Bibhuti Samaddar alitunga maswali ya mazoezi, ya trigonometria na ya uchumi, katika duka moja la vitabu la College Street, Kolkata. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mkasi na gundi, nasi tumeambiwa tuiite maendeleo.

Bibhuti alikuwa na ujinga wa kizamani: hakuandika swali ambalo hakuliona kwa macho. Alipanda treni hadi Barasat kupima kivuli cha mti wa mvumo. Jumapili alisimama soko la Maniktala, akiandika bei ya samaki aina ya hilsa na kuhesabu akina mama waliomshika samaki, wakauliza bei, wakamrudisha. Hapo ndipo yalipotoka maswali yake ya bei na mahitaji. Mimi nilipanga herufi za risasi kwenye mtambo wa uchapaji. Shule yangu ilikuwa kurasa zake. Nilizichelewesha makusudi ili nimalize hesabu.

Kila mwaka alibadili tarakimu za maswali. Kisha mwenye duka akafa, akarithi mwanawe, Tapas Kundu, msomi wa biashara.

"Mwalimu, tarakimu usiguse," Tapas alimwambia. "Swali likitoka kwenye mtihani kama lilivyo, naandika jaladani: tisini na tisa kwa mia yametoka! Ukibadili, watoto watalitambuaje?"

"Wasilitambue. Walifanye."

"Aa, Mwalimu! Nani ana muda huo?"

Jibu likachapwa chini ya kila swali. Bibhuti akaacha tarakimu kama zilivyo. Alikuwa na miaka sitini na mbili, na alitaka jambo moja tu: kuzeekea kazini.

Mwezi wa Machi swali la mvumo likatoka, kivuli mita kumi na mbili, kama kitabuni. Ila mtunga mtihani, mtu katili, aliweka jua kwenye digrii arobaini na tano badala ya thelathini. Watoto wetu wakaandika walichokariri: mita sita nukta tisa tatu. Wilaya nzima ikaukata mti wa mita kumi na mbili karibu nusu bila shoka.

Wazazi wakajaa dukani.

"Kitabu chenu kimetudanganya!" mama mmoja alifoka, amemkamata binti yake mkono.

Tapas, shujaa wetu, akanyoosha kidole. "Mtungaji ni huyu hapa."

Bibhuti akamgeukia binti. "Mwanangu, jua likiwa digrii arobaini na tano, kipi kirefu, mti au kivuli?"

"Hilo halimo, Mwalimu."

"Halimo wapi?"

"Kitabuni."

"Umesikia?" mama akadakia. "Hata mtoto anajua halimo!"

Tapas akaahidi toleo jipya: swali lilelile kwa kila pembe, kuanzia digrii moja hadi themanini na tisa, majibu tayari. "Mwalimu atayaandika kufikia Ijumaa." Wazazi wakapiga makofi.

Bibhuti akafunika kalamu yake. "Chapa jedwali la tanjenti, Tapas. Majibu yako yote yamo humo. Mimi wa nini?"

Akatoka, chai yake bado inafuka. Mkewe alipomwona nyumbani saa nane mchana alimgusa paji la uso, akidhani ana homa.

Toleo jipya, la mkasi na gundi, likauzwa lote kwa wiki mbili. Jina la Bibhuti lilibaki jaladani, tena kwa herufi kubwa zaidi. Alipokwenda kuomba liondolewe, karani mpya alimwuliza yeye ni nani.