Wagonjwa Wote Waliitwa kwa Pamoja

Katibu muhtasi wa idara alikuwa amechapa barua za watu kwa muda mrefu hata akajua ni wahadhiri gani wanaochanganya "r" na "l", na hakumwambia mtu. Wote walimwita Muhtasi, kama vile ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake wa rika lake walipoanza kuzungumzia kustaafu, yeye aliomba kusoma shahada ya kompyuta hapo hapo chuoni, kwa kuwa wafanyakazi waliruhusiwa. Mkuu wa idara alisaini ombi bila kulisoma, kama alivyosaini kila alichowekewa mezani na Muhtasi.

Mumewe, fundi wa majokofu, alipopewa habari hiyo alisema ni jambo jema, kisha akaomba chumvi.

Tatizo lilikuwa binti yao. Naye alikuwa akisoma shahada ile ile, na kufikia mwaka wa tatu mama na mwana walijikuta darasa moja. Walikubaliana nyumbani kwamba darasani hawajuani. Hakuna kuitana mwanangu, hakuna kuulizana nani amekula na nani hajala. Muhtasi aliliheshimu sharti hilo kikamilifu. Akikutana na binti mlangoni alimpa mkono kama mgeni wa ofisi.

Ndipo likaja somo la karakana. Chumba kilikuwa na meza ndefu, nyaya za umeme zilizotambaa sakafuni, na ubao mweupe ambao maandishi ya mwaka uliopita yalikuwa yamegoma kufutika. Mhadhiri, mtu mwembamba asiyeachana na chupa yake ya chai, aliwaambia siku ya kwanza kwamba hatasimama mbele kufundisha. Kila kundi lingepewa mteja mwenye shida ya kweli, limtengenezee programu ya kwenye tovuti, na watu waitumie. Atakayeuliza swali atajibiwa kwa swali. Kisha akawapitishia kofia yenye vikaratasi vya makundi.

Muhtasi alichomoa karatasi sawa na ya binti yake. Walitazamana, wakapeana mkono. Wa tatu wao alikuwa kijana mrefu aliyeitwa Mlingoti, mwenye maneno machache na biskuti nyingi.

Mteja wao alikuwa kliniki ya meno iliyokuwa chini kidogo ya chuo. Muuguzi wa mapokezi aliwaeleza kwamba wagonjwa hufika wote asubuhi, wakakaa wameshika mashavu mpaka mchana, na waoga hutumia muda huo kutoroka. Alitaka mtu abaki na shughuli zake, zamu yake ikikaribia aitwe kwa ujumbe wa simu.

Muhtasi hakuwa mwepesi, ila alikuwa nadhifu. Vijana walihangaika kuelewa kinachotokea kati ya kidole kugusa kitufe na jibu kutokea kwenye kioo. Yeye aliona ni kazi yake ya miaka yote: mtu anakuja dirishani, anaomba, mwenye ofisi anaingia ndani kutafuta faili, anarudi na jibu, au anarudi kusema faili halipo. Hilo la kusema faili halipo alilielewa kuliko darasa zima.

Nyumbani, fundi wa majokofu aliwasikia mezani wakisema wanaandika kodi, kodi ina kasoro, kodi imekataa. Jioni moja aliuliza kama watu wa mapato wana habari. Binti akamweleza kwamba kodi hii ni maagizo ambayo kompyuta inapewa, nayo haina ruhusa ya kubisha.

"Hata ile nyingine iko hivyo," baba akasema, akaendelea kula.

Karakana ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: hakuna anayeingiza kazi yake kwenye programu ya kundi kabla mwenzake hajaikagua. Mkaguzi wa binti akawa mama yake. Muhtasi alikagua kodi kama alivyokagua barua. Aliirudisha kwa sababu ya mistari iliyopinda, na kwa sababu ya majina. Aliuliza huyu x ni nani. Binti akajibu kwamba x ni mgonjwa. Basi aitwe mgonjwa, mama akaandika, na kazi ikarudi. Binti alimlalamikia Mlingoti kwamba anayemkagua darasani ndiye huyo huyo anayemkagua kama ametandika kitanda. Mlingoti alimpa pole na biskuti.

Ijumaa moja, programu ikiwa tayari kliniki kwa majaribio, binti alirekebisha sehemu ya kutuma ujumbe. Mama yake alikuwa ameitwa kuandika kumbukumbu za kikao, na vikao vya idara vilijulikana kwa kutokwisha. Binti hakumngoja. Aliipitisha kazi mwenyewe, akaenda kunywa soda.

Alikusudia ujumbe umfikie mgonjwa anayefuata. Ulimfikia kila mtu aliyewahi kuandikishwa kwenye kliniki ile, hata wa madaftari ya zamani waliyokuwa wameyaingiza kwenye programu: zamu yako imekaribia, tafadhali fika sasa.

Baada ya kikao, Muhtasi alipoingia karakana, mhadhiri alikuwa amesimama kwenye meza yao, simu mkononi.

"Kliniki yenu ina viti vingapi?" aliuliza.

Walishuka wote wanne kwa miguu, mbio mbio, binti akiwa amesharudi. Watu walikuwa wamejaa ukumbini, wamejaa ngazini, wengine wamekaa bustanini juu ya maua. Kulikuwa na mwalimu mwenye chaki vidoleni aliyeacha kipindi katikati. Kulikuwa na kinyozi aliyemwacha mteja na nusu ya kichwa. Bibi mmoja hakuwa na jino hata moja kinywani, lakini alieleza kwamba yeye akiitwa huitika.

Binti alikwama getini.

"Mama," alisema, mbele ya Mlingoti na mhadhiri. "Ni mimi. Sikukungoja."

"Nimeshaona," mama akasema. "Kwanza uizime. Kulia utalia baadaye."

Binti akajikaza kisabuni, akaketi ngazini na Mlingoti, wakafungua kompyuta. Muhtasi alipanda juu ya benchi. Alitumia sauti ile ile ambayo kwa miaka mingi iliwaambia wanafunzi kwamba matokeo bado. Akasema kosa ni la wao walioandika programu, si la kliniki. Wenye maumivu wabaki upande wa kulia, wengine wanaombwa radhi, waende zao. Wachache waliondoka. Wengi waliona kwamba kwa kuwa wameshafika, si vibaya wakitazamwa, na madaktari waligundua siku hiyo meno mabovu mengi kupita kiasi.

Umati ulipopungua, alikuja mwanamume aliyevaa shati lililonyooshwa vizuri, ameshika simu kwa mikono yote miwili. Alisema ujumbe ule uliingia kwenye simu ya mkewe. Mke alifariki mwaka uliopita. Simu hiyo yeye huichaji kila siku, hajui kwa nini.

"Ameitwa," alisema. "Nimekuja kuwaambia hataweza kuja."

Muhtasi alishuka kwenye benchi, akamkalisha, akakaa kando yake. Alimpa pole, na akamuuliza kama angependa jina lifutwe.

Mwanamume alifikiri. Akasema jina libaki, kwa kuwa mkewe alikuwa mgonjwa wa hapo kweli, na daktari alimpenda. Ila asiitwe tena.

Binti alikuwa amesikia yote. Aliitazama kodi yake na kuona kwamba ndani ya programu hapakuwa na nafasi ya mtu kama huyo. Mtu alikuwa ama ameshaitwa, ama anasubiri kuitwa. Akaandika nafasi ya tatu, ya mtu asiyeitwa tena, kisha akaigeuza kompyuta kuelekea kwa mama yake. Muhtasi akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, mwanamume akingoja. Aliomba jina moja ndani ya kodi libadilishwe, lilikuwa limeandikwa kwa haraka. Likabadilishwa. Akaipitisha.

Walijaribu kumwita mgonjwa anayefuata. Ukumbini simu moja tu ililia, ya kinyozi. Mwanamume aliitazama simu ya mkewe iliyonyamaza, akaitia mfukoni, akawashukuru na kuondoka. Jioni ile nyumbani, baba alipoulizia kodi, hakuna aliyecheka.

Siku ya kuonyesha kazi, makundi mengine yalileta rangi za kupendeza na picha zinazocheza. Binti alianza kwa kueleza kosa, kabla hajaulizwa, na kusema ni lake. Mhadhiri akauliza ni kitu gani kingelizuia.

"Kumngoja Mama," alijibu.

Darasa likacheka. Yeye hakucheka, wala Muhtasi. Walipata alama nzuri, si za juu kabisa. Za juu walipewa waliotengeneza programu ya kukodi uwanja wa mpira, iliyozimika likizo ilipoanza na haikuwaka tena. Ya kliniki inatumika mpaka leo. Muhtasi alihitimu, na idara ikampa kazi ya kuangalia mifumo yake ya kompyuta, pamoja na kazi yake ya barua, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeiweza.

Muuguzi ndiye aliyegundua kwamba Muhtasi hutafuna upande mmoja tu. Alimwandikisha papo hapo, na siku ya siku ujumbe ukaingia: zamu yako imekaribia. Alikwenda, binti akimsindikiza ili asibadili mawazo njiani.

Daktari alimdunga ganzi, akamjaza pamba mdomoni, kisha akakumbuka kitu. Alisema wazee wanalalamika herufi za kwenye programu ni ndogo, hivyo angependa kujua kama zinaweza kukuzwa, na itachukua muda gani, na kama itabidi kliniki ifungwe.

Muhtasi alinyanyua kidole gumba.

Daktari akasema anashukuru sana, akachukua koleo.