Kidole cha Mama Katika Barua ya Mzee Miwani

Usiponiamini sitakulaumu. Hata mimi, ningesikia kwa mtu mwingine, ningesema msiba umemchosha. Lakini yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote.

Mama alifariki nikiwa darasa la tano. Mdogo wangu, Kemunto, alikuwa bado ananyonya. Picha ya mama hatuna hata moja. Kemunto alikua akiniuliza, "Dada, alifananaje?" Nami namwambia alikuwa mwembamba, akicheka anaziba mdomo. Hayo yanamtosha mtu kweli?

Zamani, kabla benki haijafika kwetu, familia moja ya Wahindi wenye duka pale Nyamira ndiyo iliyowawekea wakulima fedha. Mkuu wao watu walimwita Mzee Miwani. Kila mwenye kuweka alipewa barua yenye sahihi ya Mzee, na asiyejua kuandika alitia kidole gumba. Nakala yenye alama hizo hizo ilibaki dukani. Barua ya mama iliungua pamoja na nyumba yetu, na ile familia ikahama. Basi nilipokuwa mtu mzima, miaka hii ya tisini, nikaanza kuzikusanya barua za Mzee Miwani, nikitumaini nakala ya mama ilitupwa pamoja na nyingine, watu wakaziokota. Nilifika Nyamache, nikafika Suneka. Nyingine nilizitoa ndani ya Biblia za watu, nyingine zilikuwa zimefungiwa mbegu za sukuma wiki.

"Mama, ni benki gani itakupokea na takataka hizo?" walinicheka.

Sikutafuta pesa. Nilitafuta alama ya kidole kimoja chenye mstari katikati, pale kisu cha kuvunia wimbi kilipomwachia mama kovu.

Siku moja mvua ya alasiri ilinikuta Nyamira. Nikaona mlango wa lile duka u wazi, nikaingia. Nyuma ya meza alikaa Mzee Miwani, yule yule wa utoto wangu. Nikadhani amerudi kuuza jengo.

"Bwairire," akanisalimia kwa Kigusii safi. "Wewe ni wa yule mama mbishi."

Sikuwa nimemtajia jina, niamini.

"Alikataa kutia kidole mpaka aisome barua kwanza. Akaishika juu chini, akaitazama weee, kisha akasema, 'Ni sawa, Mzee, hujanidanganya.'"

Akacheka. Nami nikacheka, huku machozi yakinitoka.

Akafungua sanduku, akaniwekea barua mezani. Sahihi yake ilikuwepo, na pembeni yake kidole cha mama, na ule mstari.

"Ichukue. Tia kidole chako hapa chini, kwamba umepokea."

Ungefanyaje wewe? Tangu utotoni sijaushika mkono wa mama yangu. Nilichovya gumba kwenye wino nikaliweka juu ya alama yake, nikakandamiza mpaka nikahisi joto. Joto la mtu, naapa.

"Si hapo, msichana wangu," Mzee akasema kwa huzuni.

Mara nikajikuta nje, nimelowa, barua mkononi, uso wangu umeelekea ukuta.

"Mama, unaongea na matofali?" akaniuliza mwuza ndizi. Mlango huo, akasema, ulizibwa mwaka aliofariki Mzee Miwani.

Barua ninayo. Sahihi ipo, lakini mahali pa kidole ni peupe kabisa. Na mimi nikitia gumba langu kwenye wino, alama inatoka na mstari katikati. Gumba langu halina kovu.

Nilikwenda Tabaka, alikoolewa Kemunto. Nikamtilia kidole kwenye daftari la mtoto wake, nikamweleza yote. Akakitazama kwa muda mrefu.

"Hiki ni chako, dada," akasema. "Mimi nilitaka cha mama."

Akalifunga daftari, akaenda kuangalia chungu chake jikoni.

Ninyi mliofiwa, nawasihi. Ukikuta alama ya mtu wako, itazame, uwaite na wenzako waitazame. Mkono wako uweke nyuma. Mimi nilitaka kumshika mara moja tu, na sasa nimembeba peke yangu.