Chupa ya Halali

Kakangu alipoacha pombe, mama alipika pilau akaalika majirani wote tuliopakana nao hapa Junda. Alikuwa na haki. Kwa miaka alikuwa akifunga madirisha kila kakangu akitoka kazini bandarini anapepesuka, ili watu wasimuone. Halafu daktari akamwambia kakangu ini lake linaharibika, na yeye, wallahi, akaacha siku ile ile.

Lakini mkono ulikuwa umezoea chupa. Akamwomba mama amnunulie bia isiyo na kileo. Mama akapeleka chupa moja kwa maalimu wa madrasa, nyumba ya pili. Maalimu akavaa miwani, akaisoma, akasema haina kileo, kwa hivyo si haramu. Aliulizwa hilo, akajibu hilo. Nyumbani neno lake lilifika kama cheti cha daktari.

"Ni halali, tena ni shayiri tupu," mama akisema. "Ndiyo dawa yake hiyo."

Friji ikajaa. Kakangu alipenda zile za ladha ya matunda, tamu hadi midomo inanata. Alikunywa barazani mchana kweupe, ati watu waone hana la kuficha, na wapita njia wakamwambia mashallah. Mimi pia nilifurahi mwanzoni. Nani asingefurahi?

Kilichonitia hofu ni sisimizi. Mimi ndiye mwosha choo nyumba hii, hakuna mwingine anayejisumbua. Nikaanza kuwakuta asubuhi, wamejipanga ukingoni pale kakangu anapokojolea. Nikawamwagia maji. Kesho yake wamerudi, wengi zaidi. Marehemu bibi alikuwa akisema, mkojo ukiita sisimizi, mwenyewe apelekwe hospitali.

Na kiu je! Alikuwa akimaliza chupa na ulimi bado mkavu, anafungua nyingine. Akakonda, suruali akaikaza kwa kamba.

Nikamwambia mama, "Hizi chupa zina sukari. Kaka akapimwe."

Alinigeukia kwa ukali sijapata kuuona. "Unataka arudi kwenye ulevi? Utafurahi nikifunga tena madirisha? Mwache mwanangu na halali yake!"

Kakangu mwenyewe alinicheka. "Dada, nilipokuwa mlevi hukuwa na maneno hivi. Ini limepona, daktari kasema." Na kweli, ini lilikuwa linapata nafuu. Lakini daktari alipima ini tu, na kakangu hakumtajia kiu. Nilikasirika hadi nikalia jikoni peke yangu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha akajikwaa kizingitini, kidole cha mguu kikachubuka. Kidonda kidogo, mama akakipaka asali. Hakikupona. Kikawa cheusi, chumba kikaanza kunuka, na kakangu alisema hasikii maumivu yoyote. Nikaita teksi, sikuomba ruhusa ya mtu.

Hospitalini daktari, msichana mdogo mwenye adabu, alimwamkia mama shikamoo, kisha akauliza, "Mgonjwa hutumia pombe?"

"Hatumii tena, alhamdulillahi!" mama akajibu, kwa fahari ya kusikika wodi nzima. Akafungua kikapu, akatoa chupa tatu alizozifunga kwa leso zisipoteze baridi. "Hunywa hizi tu. Hazina kileo."

Daktari alichukua moja akasoma ubavuni, taratibu. "Sukari yake iko juu sana, mama. Mguu huu hatuwezi kuuokoa. Alikuwa akinywa ngapi kwa siku?"

Mama alinitazama mimi, kisha akatazama sakafu.

"Zote nilizomnunulia," akasema.

Kakangu aliposikia chupa zikigongana alifumbua macho. Akanyoosha mkono.

"Mama, nipe moja. Nina kiu."

Mama alikuwa bado amezikumbatia zile mbili, na hakujua aziweke wapi.