Jasusi Aliyeimbiwa Shukrani

Jasusi wa filamu yetu ya shule hakuwa na bastola wala gari. Alikuwa na sweta ya shule na miwani ya jua ya binamu yangu wa Majengo, kioo kimoja kimepasuka. Alichokuwa nacho cha maana ni wimbo, na wimbo tuliutengeneza sisi wawili, mimi na msichana ninayekaa naye dawati moja.

Mdundo niliurekodi kwa simu sokoni Kariokor, mafundi wa viatu vya akala wakigonga misumari kwenye matairi. Sauti ilikuwa ya msichana huyo. Kanisani kwao Ziwani huimba mpaka mabati yatetemeke, lakini hapa aliimba chini chini, kama mtu anayekupa umbea nyuma ya mlango. Tulirekodi ndani ya kabati la nguo la mamake, tumejifunika blanketi, jasho tele.

"Wacha kucheka, we fala, unaharibu!" akanifokea.

Alipofika kwenye kiitikio, "Hukuniona nikija," nikaacha kucheka mwenyewe.

Mwalimu wa drama aliusikiliza akitikisa kichwa kufuata mdundo. "Iko sawa. Sasa ongezeni ubeti wa kumshukuru mwalimu mkuu na bodi. Na mtaje shule."

Nilidhani ni mzaha, na mizaha ndiyo kazi yangu. "Mwalimu, huyu ni jasusi. Amejificha. Atatajaje shule yake?"

"Majaji wa tamasha la filamu wanapenda shukrani."

Msichana akasema huo ubeti hatauimba. Hakupaza sauti. Basi kwaya ya shule ikapewa wimbo wetu, mdundo ule ule, kiitikio kile kile, na sauti yake ikafutwa.

Siku ya kuonyesha filamu ukumbini, jasusi anaparamia ukuta, kimya, amebana pumzi, mara kwaya nzima inalipuka: "Asante mwalimu mkuu kwa maono yako!" Watu walicheka hadi viti vikalia. Mimi nilimtazama mwenzangu. Alikuwa anang'ata kola. Majina yalipopanda mwishoni, mtunzi wa wimbo alikuwa mwalimu wa drama.

Kesho yake mwalimu akanituma. "Kwaya inaimba kama iko matangani. Mwambie rafiki yako aje aimbe ule ubeti wa shukrani kabla filamu haijaenda kwa majaji."

Nikamwambia. Akasema, "Mwambie mwalimu mkuu ajiimbie."

Nilitumwa, nikaleta jibu: nililiimba kwenye paredi ya asubuhi, mbele ya shule nzima, kwa mdundo ule ule. Ndiyo maana naandika haya nikiwa nyumbani siku ya shule, nimesimamishwa masomo, mama amenuna jikoni. Anataka niombe msamaha. Nitaomba, wakishaandika jina la aliyeimba kabatini.