Fundi wa Jenereta la Akiba

Kila Jumapili, kabla hajaligusa jenereta la akiba la hospitali ile ndogo ya njia iendayo mji wa Sur, fundi husimama mlangoni mwa wodi ya watoto njiti, mikono kaificha nyuma kwa sababu ya grisi. "Wangapi leo, mwanangu?" Nesi Shaikha humtajia, naye hushuka kuipapasa mipira ya kupitishia mafuta mmoja mmoja, kama anayempima mtoto homa. Mmoja, ingawa mpya kabisa, anautilia shaka; lakini kuubadili ni kulizima jenereta, na umeme ukikatika wakati huo watoto hawana pa kukimbilia. Leo Shaikha akamjibu, "Hapana hata mmoja, ammi. Wa mwisho kachukuliwa na mamake." Fundi akaitoa mikono, myeusi mpaka kuchani, akaiinua. "Alhamdulillahi. Leo nnaweza kulizima."