Baba Alipostaafu Kiwandani

Enzi zetu huko Kabras, shule ilikuwa ng'ambo ya mto. Tulienda miguu mitupu, mfukoni kiazi kitamu cha kuchoma, na jioni tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, njiani mpaka giza litufukuze. Mvua haikuwa sababu ya kubaki nyumbani. Watoto wa siku hizi wakiona wingu tu, wanatafuta boda.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye kiwanda cha sukari. Alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alisema sasa atakula obusuma, ugali wetu, ukiwa moto, maana kazini alizoea chakula kilichopoa. Hakuufaidi sana. Msimu uleule mto ulifurika, ukasomba magogo tuliyovukia, na mdogo wangu Nanjala akaenda nayo. Mama mmoja aliyekuwa akikata nyasi ukingoni alimdaka kwa kuikamata sketi yake.

Asubuhi iliyofuata Baba alianza kuchimba msingi wa daraja, peke yake. Majirani waliopita walicheka.

"Mzee, hiyo ni kazi ya serikali."

"Serikali haina mtoto kwa hii shule," akajibu bila kuinua kichwa. "Mimi niko naye."

Nguzo za kwanza zilibebwa na maji. Alirudi nyumbani ametapakaa matope, na Mama akamsihi, akimwita kwa jina langu, "Baba Nafula, si upumzike? Ulistaafu."

"Nilistaafu kiwanda. Nyinyi sijawastaafu."

Akahamia juu kidogo, penye mwamba, akaanza upya. Safari hii Mama alimfuata na karai la mawe kichwani. Akina mama wa kanisa wakamfuata Mama. Mwishowe hata wale waliocheka walikuja, wakashika kamba za kuvutia nguzo. Vyuma vikuukuu alivyoomba kwa marafiki alivichomelea mwenyewe. Daraja lilipokamilika, Nanjala aligoma kukanyaga. Baba hakumsukuma. Alimshika mkono, wakavuka polepole, naye Nanjala akavuka tena na tena siku hiyo, peke yake, akicheka.

Baada ya hapo yalifuata madawati ya shule, kisha paa la mjane jirani. Baba hakupumzika mpaka tulipomzika.

Juzi ukuta wa chemchemi yetu ulibomoka. Vijana walipiga picha nzuri sana, wakatuma kwenye gurupu la kijiji pamoja na vikatuni vya kulia. Nikauliza nani atakuja kuujenga. Basi nimewaandikia kwamba kesho asubuhi niko pale. Atakayekuja atanikuta nimeshaanza.