Paa Nililokatazwa Kupanda

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu Wandera, nikiwa na mguu mmoja kwenye ngazi na mzigo wa nyasi begani, jinsi bibi yako, mama wa baba yako, alivyonishika kifundo cha mguu akakataa kuniachilia. Tulia nikusimulie. Nimesikia chumba chenu cha Malaba kinawaka kama tanuri, na kwamba umemwambia mkeo afungashe nguo za mtoto aende kwao Amagoro hadi mvua zirudi. Kabla hajafunga huo mfuko, nisikilize.

Nilikuwa nimeolewa hapa karibu na Nangina muda mfupi tu. Baba yako alikuwa kijana mwenye maringo, akanijengea nyumba ya mabati, ya kwanza katika boma hili. Nyumba nyingine zote zilikuwa za nyasi. Sitakuficha, nami niliringa. Kiangazi kilipoingia, maringo yaliniisha. Mabati hayakuwa na dari chini yake, na jua likifika utosini ungeyasikia yakilia kwa joto. Dada yako Nabwire alikuwa bado mchanga. Alitoka vipele shingoni na mgongoni, akakataa kunyonya, akalia mpaka sauti ikamkauka. Nilimpeleka hospitali ya misheni. Muuguzi akamtazama kote, akaniambia, "Mama, huyu hana malaria. Ni hiyo nyumba. Mtoe kwa joto, mnyonyeshe kila saa, na akizidi kulegea umrudishe hapa mbio."

Majirani walinishauri nivumilie, eti mvumilivu hula mbivu. Mtoto si ndizi, mwanangu. Wengine wakasema nirudi kwetu. Nirudi kwetu na mtoto mchanga, mume hayupo, watu waseme nimeachika? Baba yako alikuwa ameenda Osieko kununua samaki, na akienda huko hukaa siku kadhaa. Nikaapa moyoni kwamba mimi siondoki, joto ndilo litakaloondoka. Nikakata nyasi, nikaazima ngazi, nikaazimia kuyafunika yale mabati kwa juu.

Hapo ndipo bibi yako aliponishika. Unaijua mila yetu: mwanamke mwenye mume hapandi paa la nyumba. Akipanda ni kama ametangaza kwamba mwenye nyumba ameshakufa.

"Shuka," akaniambia. "Mume wako hajakufa."

"Na huyu mtoto akikufa, mama?"

Mguu hakuuacha. Kisha akasema, "Sijakukataza kutoa joto. Nimekukataza kupanda. Kwani hiyo nyumba haina ndani?"

Nilikasirika, tena sana. Lakini nilishuka.

Jioni ile ile tulinunua mikeka mipana ya mafunjo, ile inayosukwa na akina mama wa kule kwenye kinamasi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliyetaka cha darini nilipanda meza. Bibi yako, na magoti yake yale mabovu, alinishikia upande mmoja wa mkeka nami nikaufunga upande wa pili kwa kamba kwenye mbao za paa, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Alinilazimisha niache nafasi kati ya mkeka na mabati, hewa ipite. Kisha akachukua panga akatoboa ukuta wangu mpya wa udongo, juu kabisa chini ya paa, upande huu na upande ule. Uliniuma ukuta ule. "Joto linapanda," akasema. "Likifika juu likose mlango, litarudi kukaa na wewe."

Alinifundisha na saa za madirisha. Jogoo wakiwika, fungua yote, ubaridi uingie. Jua likianza kupiga upande mmoja, funga upande huo na uteremshe pazia. Jiko litoke nje, hata la chai. Alasiri nyunyiza maji sakafuni, tundika leso mbichi kwenye dirisha linalopata upepo.

Kesho yake mchana nilimlaza Nabwire chini ya ule mkeka. Joto lilikuwapo, sitakudanganya, ila halikuwa tena joto la kupika mtu. Akanyonya. Akalala usingizi mrefu hata nikamwekea kidole puani nijue kama anapumua. Bibi yako akanicheka, halafu nikamwona anajifuta macho kwa pindo la leso. Nami nililia, sikuona haya.

Baba yako aliporudi aligonga kichwa kwenye mkeka, mrefu vile alivyokuwa. "Sasa hii nyumba imekuwa kikapu?" akauliza.

"Humo kikapuni ndimo alimolala mtoto wako," mama yake akamjibu.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukikatazwa njia moja, usidhani umekatazwa safari. Unasema utanunua feni. Inunue, lakini stima ikipotea mchana utakaa nayo mkitazamana. Unasema mwenye ploti hataki mtoboe ukuta; mikeka haimtobolei kitu. Madirisha ni yako kufungua na kufunga, jiko ni lako kutoa nje. Na ukiona mtoto amelegea au hanyonyi, usingoje mkeka wala ushauri wangu, mkimbize hospitali. Lakini usimhamishe mkeo ukabaki peke yako kumshinda adui ambaye wawili wangemweza. Mimi nilikatazwa paa nikashinda. Wewe ni mwanamume, hata hilo paa hujakatazwa.

Jumamosi nakuja na mikeka. Nitashika upande mmoja, mkeo atashika wa pili, na wewe utapanda meza.

Mungu akupe nyumba inayopoa kabla hujapandwa na hasira. Mtoto wako anyonye, ashibe, alale. Na mkeo azeekee hapo hapo kwako, mwanangu.